Mkono Uliobaki Begani: Kuhusu Picha Zinazofifishwa Kingo

Kwenye misiba niliyohudhuria miaka hii ya karibuni, iwe Dar es Salaam, iwe Dodoma, iwe huku kwetu Ilongero, nimekuwa nikipewa karatasi ileile. Ni A4 iliyokunjwa katikati. Mbele ipo picha ya marehemu, kichwa na mabega, na kingo zake zimefifia kidogo kidogo mpaka zikayeyukia kwenye weupe wa karatasi, au kwenye mawingu ya bluu. Chini yake tarehe mbili: kuzaliwa, kufariki. Ukifungua ndani unakuta ratiba ya mazishi, na baada ya ratiba, wasifu wa marehemu.

Tumezoea hapa kuhakiki riwaya, diwani na tamthilia, na ni sawa. Lakini hebu tujiulize, ni riwaya gani ya Kiswahili inayosomwa kwa sauti mbele ya watu mia tatu waliokaa kimya chini ya turubai, wengine wakilia? Wasifu wa marehemu ni utanzu wenye hadhira kubwa kuliko tanzu zetu nyingi, na hauna mhakiki hata mmoja. Leo nataka niihakiki karatasi hiyo kama ninavyohakiki kitabu, picha yake na maneno yake kwa pamoja. Nikiri mapema kwamba mtu nitakayemsema zaidi ni mimi, maana karatasi ninayoijua vizuri niliitengeneza mwenyewe.

Bibi yangu alipofariki, kikao cha familia hakikuchukua hata dakika mbili kuamua nani aandike. "Wewe si ndiye mwandishi wa habari? Basi hiyo ni kazi yako," alisema Baba Mkubwa. Nikaomba picha. Kwanza ikaletwa ile ya kitambulisho cha mpigakura. Amekunja uso kama mtu anayedaiwa, na Shangazi akasema huyo siye. Akaingia ndani, akarudi na picha ya karatasi aliyoitunza sandukuni, ya miaka ya 90, yenye mpaka mweupe kuzunguka kote kama picha za wakati ule.

Naomba niieleze picha hiyo yote, maana ndiyo kesi yenyewe. Bibi amekaa kwenye kigoda mbele ya tembe. Anacheka, jambo ambalo hakulifanya mbele ya kamera tena kwa ninavyojua. Kushoto kwake kuna ungo umejaa mbegu za alizeti. Nyuma linaonekana jiwe kubwa, haya mawe yetu ya Singida yanayokaa juu ya ardhi kama yameshushwa usiku. Kuku wawili. Na nyuma ya Bibi, amesimama, mkono wake umelala kwenye bega la Bibi, yupo Bibi Mdogo.

Bibi Mdogo ni mke mwenza wa Bibi. Babu aliwaoa wote wawili, na walikaa kwenye mji mmoja kwa miaka mingi kuliko umri wangu. Baba yangu alipokuwa mchanga Bibi aliugua sana, na aliyemnyonyesha ni Bibi Mdogo. Hiyo kwetu si siri, kila mtoto anaijua.

Baba Mkubwa aliitazama picha, akasema, "Hii nzuri. Ila mtoe peke yake. Viongozi wa kanisa watakuwepo, hatutaki maswali." Hakuna aliyebisha. Mimi pia sikubisha.

Usiku ule nikaipiga picha kwa simu, nikaihamishia kwenye laptopu, nikafungua Photoshop. Kwa asiyejua, kazi yenyewe ni ndogo sana. Unachora umbo la yai kuzunguka kichwa na mabega. Halafu kuna amri ya kulainisha mpaka wa eneo ulilochagua, na kwa Kiingereza imepewa jina la unyoya wa ndege. Unaitajia idadi ya pikseli. Ukiweka 5, ukingo unabaki mkali, kama umekatwa kwa wembe. Ukiweka 60, unakuwa ukungu. Kisha unageuza uteuzi, kile kilichokuwa nje ndicho kinachoshikwa, unabonyeza kitufe cha kufuta. Kwisha.

Kinachotokea pale ni hesabu tu. Pikseli za katikati zinabaki na nguvu yote. Za pembeni zinapunguziwa hatua kwa hatua, tisini kwa mia, sabini, arobaini, kumi, mpaka za mwisho hazipo kabisa. Ukaenda ungo, wakaenda kuku, likaenda jiwe, likaenda tembe, akaenda Bibi Mdogo. Lakini mkono wake ulikuwa juu ya bega, ndani ya lile yai. Vidole vinne vikabaki, vikififia kuelekea kwenye kifundo. Niliviona. Nilijaribu kuvifuta, bega la Bibi likaharibika. Ilikuwa karibu saa sita usiku na steshenari ilikuwa inatusubiri asubuhi. Nikajiambia watu watadhani ni mkunjo wa kitenge.

Tulichapa nakala 200. Bibi Mdogo alipewa yake akiwa amekaa kwenye mkeka na wanawake wenzake. Hasomi, kwa hiyo hakufungua ndani. Aliitazama picha muda mrefu, kisha akamwambia Shangazi jambo kwa Kinyaturu. Jioni nilimuuliza Shangazi lilikuwa jambo gani. Akanitafsiria bila kunitazama usoni: "Anauliza, mkono wake mmeuacha hapo begani, yeye mwenyewe mmempeleka wapi?"

Tangu siku hiyo sijaweza kuangalia picha yenye kingo zilizofifia bila kutafuta mkono.

Ufundi wenyewe si wa kompyuta. Photoshop ilianza kuuzwa 1990, na GIMP, ile programu ya bure ambayo wengi wetu tulijifunzia, ikaanza kupatikana 1996. Wapiga picha wa karne ya 19 walikuwa wakifanya jambo hilohilo kwa kadi iliyotobolewa tundu la umbo la yai. Kadi inawekwa mbali kidogo na karatasi ya picha, mwanga unapita kwenye tundu, unakuwa mwingi katikati na unapungua pembeni. Baadaye, kwenye vyumba vya giza, fundi akawa anaitikisa kadi taratibu chini ya mashine ya kukuzia picha ili ukingo usitulie sehemu moja. Kutotulia huko ndiko kulikoleta ule ukungu.

Jina la picha za namna hiyo, vinyeti, limetoka kwenye neno la Kifaransa lenye maana ya mzabibu mdogo. Awali yalikuwa mapambo ya majani ya mzabibu kwenye kurasa za vitabu, mapambo yasiyo na fremu, yanayoishia tu hewani. Kutoka kwenye kitabu neno likaenda kwenye picha, na halafu likarudi kwenye fasihi. Leo vinyeti pia ni kipande kifupi cha nathari kinachomwonyesha mtu mmoja au tukio moja bila kutueleza lilipotoka wala linapokwenda. Kwa hiyo ninapoweka picha ya kingo zilizofifia na wasifu wa nusu ukurasa kwenye karatasi moja, siweki vitu viwili tofauti. Ni kitu kimoja mara mbili.

Hebu tuuangalie huo wasifu. Huu hapa muhtasari wa ule nilioandika mimi, na nina hakika umeshausikia, maana unafanana na wa kila mtu: marehemu alizaliwa Ilongero, aliolewa, alijaaliwa watoto saba, enzi za uhai wake alijishughulisha na kilimo na shughuli ndogondogo, alipitia changamoto mbalimbali za maisha, aliugua kwa muda mrefu, ameacha pengo lisilozibika.

"Aliolewa na kujaaliwa watoto saba." Ni kweli tupu. Lakini tazama inavyofanya kazi: watoto saba wanatokea kwenye sentensi kama waliotoka kwenye mwili mmoja na kulelewa na mikono miwili. Mikono mingine miwili imefutwa, na hakuna mahali palipokatwa ambapo msikilizaji anaweza kuweka kidole. "Shughuli ndogondogo" ilikuwa pombe ya mtama, ambayo Bibi na Bibi Mdogo waliipika pamoja, na ndiyo iliyolipa ada ya Baba. "Changamoto" lilikuwa jembe la miaka sitini na mwaka mmoja wa njaa ambao wazee bado wanautaja kwa kushusha sauti. Neno changamoto ni kama zile pikseli 60. Ukilipitisha juu ya maisha ya mtu, chochote chenye ncha kinakuwa ukungu.

Ndiyo maana nasema kufifisha ni jambo tofauti na kukata. Kwenye maboksi ya familia zetu zimo picha zilizokatwa kwa mkasi. Mume wa zamani ameondolewa, limebaki bega na ukingo uliopinda. Mkasi una ukatili wake, lakini unakiri. Ukiiona picha ile unajua kuna mtu alikuwepo, kuna ugomvi ulitokea, unaweza kumuuliza Mama akakueleza au akakufukuza. Picha iliyofifishwa haiachi swali. Inakwambia kwamba mtu huyu siku zote alikuwa peke yake, akielea.

Dunia ina mifano yake mikubwa. Nikolai Yezhov, aliyekuwa mkuu wa polisi wa siri wa Stalin, alipigwa picha akitembea naye kando ya mfereji. Baada ya kuuawa 1940, akaondolewa kwenye picha ile, na pale alipokuwa yakawekwa maji. Tukisoma habari hizo tunatikisa vichwa, dikteta bwana. Lakini dikteta alimfuta mtu aliyemgeuka. Sisi tunamfuta tunayempenda, usiku, kwa nia njema, halafu asubuhi tunampelekea chai msibani.

Na hapa nyumbani, kila Aprili inarudi ile picha ya tarehe 26 Aprili 1964, Mwalimu Nyerere akichanganya udongo wa Tanganyika na wa Zanzibar. Iko kwenye mabango, kalenda na skrini za televisheni. Mara nyingi nimeiona imesogezwa kwa Mwalimu, uso na mikono na chombo, pembeni pamelainishwa ili pakae bendera au maandishi. Lakini udongo ule ulishikwa na watu. Kulikuwa na vijana wamesimama pale na vyombo mikononi. Waandishi wenzangu wamewahi kuwatafuta wengine wao uzeeni wakasimulia siku ile, lakini kwenye kalenda wanabaki viwiko. Picha ya tendo la kuunganisha watu wengi inakuwa picha ya mtu mmoja. Sisemi kuna mtu aliyepanga iwe hivyo. Mbuni alihitaji nafasi ya maandishi tu. Ukungu mwingi unatokea hivyo.

Sasa nigeuke kidogo, maana nisingependa msomaji aondoke akidhani nimetangaza vita dhidi ya unyoya. Tatizo si ufundi. Lamu alikuwepo mpiga picha aliyeitwa Omar Said Bakor, aliyejifunza kazi mwenyewe na kuendesha studio yake pale mjini kuanzia miaka ya 60. Heike Behrend, mwanaanthropolojia wa Kijerumani, amemwandika kwenye kitabu chake cha 2013 kuhusu upigaji picha wa pwani yetu. Bakor alikuwa bingwa wa kukata, kuficha na kuunganisha picha kwenye chumba cha giza. Alimtoa mteja wake kutoka pale alipokaa, akampeleka ndani ya ua. Uso unachomoza kati ya petali, na mpaka kati ya shavu na ua umelainishwa.

Angalia tofauti. Mteja wa Bakor alikuwa hai, alijua anachofanyiwa, alilipia. Na alipoondolewa mahali pake alipelekwa mahali pengine penye maana. Hakuna aliyetazama picha ile akadhani mwanamke huyu kweli alikaa ndani ya ua, na hapo ndipo uaminifu wake ulipo. Ni kama ngano. Ukisikia paukwa unajua umeingia wapi. Karatasi ya msiba haina paukwa. Inajiita ukweli, inasomwa mbele ya kaburi, na marehemu hawezi kuinua mkono kusema ngoja kwanza, mbona mmemsahau fulani.

Pia kuna kufifisha kwa huruma, na mimi nimekufanya kazini. Picha ya mtoto aliyefanyiwa ukatili hatuitoi bila kuficha uso. Jirani mmoja hapa Ilongero, picha nzuri pekee ya mama yake ilipigwa wodini. Walifuta kitanda na dripu wakabakiza tabasamu, na ningekuwa mimi ningefuta. Kwa hiyo swali ninalojiuliza siku hizi kabla ya kubonyeza ni jepesi: ukungu huu unamlinda aliye ndani ya picha, au unatulinda sisi tunaoitazama? Ule wa mama wa jirani ulimlinda yeye. Ule wa Bibi ulitulinda sisi na maswali.

Kwenye wasifu nako jibu lipo, na tunalo zamani. Shaaban Robert alipoandika wasifu wa Siti binti Saad hakumwanzishia jukwaani. Tunakutana na binti wa Fumba, wa familia ya kawaida kabisa, aliyeuza vyungu kabla ya kuwa sauti iliyorekodiwa Bombay 1928. Angeweza kufuta vyungu, kwa sababu msanii mkubwa angependeza akielea. Lakini vyungu ndivyo vinavyotufanya tuusikie uimbaji wake. Na alipofiwa na mke wake, shairi aliloliandika alilipa jina lake, Amina. Si "marehemu mke wangu mpendwa", ni Amina. Jina la mtu ni ukingo mkali, halifumbiki.

Nikiwa mhakiki basi, haya ndiyo nayadai kwenye karatasi ya msiba. Kila "alijishughulisha" ifuatwe na kazi yenyewe: alilima nini, aliuza nini, wapi. Kila "alilelewa" iwe na mlezi mwenye jina. Neno changamoto liruhusiwe mara moja, na likitumika, ielezwe angalau moja. Kuhusu picha, kama lazima ifififishwe kwa ajili ya uso wa mbele, basi ifanywe kwa maski, si kwa kufuta. Maski ni tabaka linalokaa juu ya picha. Penye weupe panaonekana, penye weusi panafichwa, na ukilizima, kila kitu kinarudi. Kufuta moja kwa moja, ukahifadhi faili la JPEG juu ya lile la awali, umeshamaliza. Halafu picha nzima ichapwe ukurasa wa nyuma, na majina ya wote waliomo. Haigharimu kitu, ukurasa wa nyuma huwa mtupu.

Najua kuna familia ambazo haziwezi. Nisiwe mjinga, kuna majina ambayo yakisomwa msibani patawaka moto. Kwetu pia Baba Mkubwa hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtoto aliyefiwa na mama, aliyetaka siku moja ipite bila fedheha. Lakini fedheha ilipita kimyakimya ikaenda kukaa kwenye mkeka, kwa mwanamke wa miaka zaidi ya themanini aliyekuwa amefiwa na mtu aliyeishi naye kwa muda mrefu kuliko alivyoishi na mume wake.

Mwaka ulipotimia tulikutana tena kwa ajili ya kumbukumbu. Sikuomba ruhusa kwenye kikao. Nilienda kwa Shangazi, nikaomba picha ya sandukuni, nikaipiga upya, safari hii na mpaka wake mweupe kote. Nikaichapa nzima, nikaandika chini jina la Bibi na jina la Bibi Mdogo, na kwenye wasifu nikaongeza sentensi moja kuhusu nani alimnyonyesha Baba. Baba Mkubwa aliisoma, akakunja karatasi, akaiweka mfukoni. Hakusema kitu. Sijui kama amenisamehe, lakini karatasi hakuitupa.

Bibi Mdogo nilimpelekea mwenyewe. Aliishika mbali kidogo na macho kama wafanyavyo wazee. Nilidhani atajitafuta yeye kwanza. Akaweka kidole kwenye kona ya kushoto, kule ambako mimi nilikuwa nimefuta kwa sekunde moja, akaanza kucheka mpaka akashika ubavu. Nikamuuliza kulikoni. Akasema ungo ule haukuwa wao. Waliuazima kwa jirani siku mpiga picha alipopita, ili waonekane wamevuna sana, na mbegu zile zilikuwa za juu tu, chini walijaza pumba. Bibi ndiye aliyebuni. Ndiyo maana alikuwa anacheka pale kwenye kigoda, na ndiyo maana yeye alimwekea mkono begani, alikuwa anamfinya anyamaze.

Na ungo wenyewe, akasema, hawakuurudisha mpaka leo.